Hija ya miguu Dodoma hadi Kondoa: siku 5 zinatosha kwa watu 38?

Katibu_wa_Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Jumuiya yetu ya hapa Dodoma mjini imepanga hija ya miguu mpaka Kondoa mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Nia ni kusali na wenzetu wa Jimbo la Kondoa, ambalo lilizaliwa kutoka Dodoma mwaka 2011. Waliojiandikisha ni 38, mdogo ana miaka 14, mkubwa 67. Wenye presha wanne, wenye kisukari wawili. Barabara ni lami mwanzo mwisho, kama kilomita 158.

Kuna mjumbe ameleta ratiba ya ile hija ya Pentekoste ya Ufaransa, Paris hadi Chartres, kilomita 100 hivi kwa siku 3. Kwa hesabu hiyo anasema sisi siku 5 zinatosha na chenji inabaki. Canter ya mizigo tunayo.

Naomba wenye uzoefu: siku 5 zinatosha? Maji kiasi gani? Viatu gani? Na polisi tunaanzia wapi?

Hesabu_za_Njia

Milele, Amina. Siku 5 hazitoshi, na sababu haiko kwenye miguu ya watu, iko kwenye saa za mwanga.

Mtu mmoja mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa. Kundi la watu 38 lenye bibi wa miaka 67, pamoja na kusimama kunywa maji, kujisaidia na kufunga kamba za viatu, hupata 3.5. Msijidanganye kwa 4. Sasa gawanyeni 158 kwa 5, mnapata karibu kilomita 32 kwa siku, yaani saa 9 za kutembea bila kuhesabu mapumziko ya mchana. Juni hapa kwetu jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika 45, linazama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukitoa mapumziko ya mchana unabaki na saa saba na nusu za kutembea. Mara 3.5 ni kilomita 26. Hapo mtahitaji siku 6 bila hata nusu siku ya akiba, na hija isiyo na akiba huvunjwa na mtu mmoja mwenye kifundo kilichovimba.

Hao wa Chartres wanatembea wakati ambapo jua la Ufaransa huzama karibu saa nne usiku. Wana saa tatu za mwanga zaidi yenu kila jioni. Ratiba yao ni nzuri kwa nchi yao. Kitu cha kuiga kwao ni kingine: wanajigawa katika vikundi, kila kikundi na bendera yake na viongozi wake. Hilo lichukueni lote.

Pangeni siku 7: kilomita 20, 24, 24, 22, 24, 24, 20. Siku ya kwanza iwe fupi kwa makusudi, maana ndiyo siku watu wanakimbia kwa furaha na kujiumiza. Siku mbili za kwanza zitawafikisha Mayamaya, ambayo ni kilomita 44 kutoka Dodoma. Hapo fanyeni uamuzi wa kweli, nani anaendelea na nani anapanda gari. Mkishaingia wilaya ya Chemba, kumrudisha mtu mjini ni safari nyingine.

Kama siku 7 hamna, tembeeni hadi Mayamaya, pandeni gari, mshuke kilomita 20 kabla ya Kondoa mmalizie kwa miguu. Hakuna aliyesema hija ni lazima kila hatua iwe ya miguu.

Nesi_Makole

Mbukwenyi wote. Nizungumzie mwili, na nianze na miguu kwa sababu siku ya pili jioni hamtakuwa na mazungumzo mengine.

Lengelenge hutokana na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Ukiondoa kimoja, halitoki. Soksi za pamba tupu hunywa jasho na kulishikilia, kwa hiyo tafuteni zile zenye mchanganyiko wa nailoni, jozi tatu kila mtu, na zibadilishwe kila mapumziko ya mchana. Zilizotolewa zianikwe juu ya begi. Asubuhi pakeni mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisiginoni. Kucha zikatwe siku 3 kabla ya safari, moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Zikikatwa usiku wa kuamkia safari, ngozi mbichi inakutana na kiatu.

Kabla ya lengelenge kuna onyo: sehemu moja inaanza kuwaka kama imeguswa na kikombe cha chai. Hapo hapo mtu asimame. Si "nitafika kwenye ule mti kwanza". Vua kiatu, futa vumbi, kausha, bandika plasta ya karatasi (ile nyeupe ya hospitali, upana wa sentimita 2.5) ikiwa imelala bila mkunjo. Pembe za plasta zikatwe ziwe mviringo kwa mkasi, maana pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka na kujikunja ndani ya soksi, na mkunjo huo unatengeneza lengelenge jipya. Kazi ya dakika 4. Asiyesimama dakika 4 atasimama siku nzima.

Likishajaa maji na linauma kukanyagia: nawa mikono, vaa glavu, safisha kwa sabuni na maji, chukua sindano mpya, toboa matundu mawili pembeni kabisa karibu na ngozi nzima, upande wa chini ili maji yashuke. Bonyeza taratibu kwa chachi. Ngozi ya juu usiitoe, ndiyo bandeji yake. Funika kwa chachi safi na plasta. Lenye damu ndani msitoboe. Na wale wawili wenye kisukari msiwatoboe kabisa, wakaguliwe nyayo kila jioni na mtu mwingine, kwa tochi, kwa sababu wenyewe wanaweza wasisikie maumivu. Wakipata kidonda wanapanda gari, hakuna mjadala wa imani hapo.

Maji sasa. Juni ni kipupwe, mchana nyuzi 27 au 28 tu, na hapo ndipo watu wanapokosea. Upepo wa Dodoma ni mkavu, unakausha jasho kabla hujaliona, mtu anafika saa nane mchana anaumwa kichwa na anasema "lakini sikutoka jasho". Wekeni lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa tu, yaani lita 190 kwa watu 38, na nyingine 150 za kupikia na kunawa. Kila mtu abebe chupa mbili za lita moja na kunywa mafunda manne matano kila dakika 20, bila kusubiri kiu. Kipimo ni mkojo: rangi ya majani makavu ni sawa, rangi ya chai ya rangi ni tatizo.

Maji ya visima vingi ukanda huu yana chumvi. Watu wakiyaonja wanakunywa kidogo, na matumbo ya wageni hulegea. Kwa hiyo jazeni mjini kila inapowezekana. Ya njiani yatibiwe kwa vidonge. Kiasi cha dawa kwa ndoo kimeandikwa kwenye pakiti, na msubiri dakika 30 kabla ya kugawa.

ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, nunueni pakiti 80. Ni ya anayeharisha, anayetapika au aliyetoka jasho sana, wala si kinywaji cha kila mtu kila saa, hasa wale wa presha. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima.

Dawa za maumivu: paracetamol inatosha. Diclofenac na ndugu zake kwa mtu aliyekaukiwa maji huumiza figo, na watu hubeba mfukoni kama pipi. Tangazeni mapema. Wenye presha waonane na daktari wao wiki mbili kabla, hasa wanaotumia dawa za kukojosha. Wenye kisukari wabebe glukosi mfukoni mwao, si kwenye Canter.

Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba, ngozi ya moto: kivulini mara moja, fungua nguo, mwagia maji, pepea kwa nguvu, gari likimbie kituo cha afya. Wasisubiri amalize fumbo la tano la rozari.

Katambuga_za_Tairi

Watu wanapoteza hela kwa raba. Wazee wetu wametembea nchi hii yote kwa katambuga. Upepo unapita, jasho hakuna, lengelenge halipo. Msiwape watu gharama.

Nesi_Makole

Kaka Katambuga, kwa aliyezoea kuzivaa kila siku, sina ugomvi, nyayo zake zimeshakomaa. Anayezinunua wiki ya safari atachunwa na mikanda juu ya mguu kabla ya Msalato, kilomita 12 tu kutoka mjini. Na kuna mbigili. Pembeni ya lami ndiko mtakapotembea na ndiko zinakotawanyika zikikauka. Ndala hutobolewa mara moja, yeboyebo vivyo hivyo. Raba yenye soli nene, namba moja juu ya ile ya kawaida kwa sababu mguu huvimba, na iwe imeshavaliwa kilomita 60 au zaidi kabla ya hija. Kiatu kipya siku ya hija ni adhabu. Ndala zibebwe kwa ajili ya jioni.

Dereva_T5

Mimi niongelee barabara, kwa sababu hapo ndipo watu hufa, si kwa malengelenge.

Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo mnatembea kulia, mkitazama gari linalokuja. Mstari mmoja, nje ya mstari mweupe, kwenye kokoto. Hayo wengi wanayajua. Wasichojua ni kwamba gari litakalowapiga halitatoka mbele. Linatoka nyuma: basi linalipita lori, linaingia upande wenu, na nyote mmelipa mgongo huku mnaimba. Kwa hiyo mtu wa mwisho kwenye mstari kazi yake si kusali. Kazi yake ni kutazama nyuma kila sekunde chache, na filimbi mdomoni. Mlio mmoja mrefu, wote wanashuka kwenye majani bila kuuliza. Miwili mifupi, simama. Fanyeni mazoezi hayo hata mara kumi uwanjani pa kanisa. Mtu huyo abadilishwe kila saa, shingo huchoka.

Giza, hapana. Wengi hupenda kuondoka saa kumi na moja alfajiri kwa ubaridi. Saa hizo mabasi ya asubuhi yanaitafuta Babati na Arusha kwa kasi, na madereva wa malori waliokesha ndio wanaosinzia. Subirini saa kumi na mbili na nusu kupambazuke. Tembeeni hadi saa tano, pumzikeni hadi saa tisa na nusu, tembeeni tena hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Juni jua la saa nne bado linavumilika. Viakisi mwanga vivaliwe na watu wote, sio wa mbele na wa nyuma tu.

Canter isiwafuate nyuma kwa mwendo wa konokono. Inalazimisha kila gari kuwapita kwa kuhama upande. Itangulie kilomita 4, itoke kabisa nje ya lami, iwasubiri na maji. Nyuma wekeni bodaboda moja yenye mwanajumuiya mwenye sanduku la dawa. Simtanki la lita 500 likifungwa kwenye Canter lifungwe kwa mikanda miwili ya kukaza, si kamba ya katani. Maji yakiyumba yanahamisha uzito wote kwenye kona.

Hesabu_za_Njia

Saa za Dereva zinatoa saa saba na nusu zile zile, kilomita 26 hazibadiliki. Naungana naye, giza tuliache.

Katekista_Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Upande wa vibali na sala.

Anzeni na paroko, si polisi. Barua yake ndiyo inayofungua milango mingine yote, ikiwa na nia ya hija, tarehe, idadi, njia, na namba ya kiongozi. Kisha taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, angalau saa 48 kabla ndivyo sheria inavyotaka kwa maandamano yoyote ya hadharani. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla. Njia yenu inavuka wilaya zaidi ya moja, kwa hiyo kila wilaya ipate nakala na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala hizo zikae kwa watu wawili tofauti, na zisiwe kwenye begi lililo ndani ya gari.

Mahali pa kulala: andikieni maparoko wa njiani miezi miwili kabla. Pasipo na parokia au kigango, madarasa ya shule ya msingi, kupitia mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Ulizeni mambo matatu kabla ya kushukuru: matundu ya choo ni mangapi, maji yako umbali gani, na ufunguo anabaki nao nani. Usiku hushuka mpaka nyuzi 14 na sakafu ya saruji huvuta baridi, kwa hiyo mkeka peke yake hautoshi, wekeni turubai chini yake na kila mtu blanketi. Kina mama walale chumba chenye komeo la ndani. Wenye chini ya miaka 18 waje na barua ya mzazi.

Gawanyeni watu vikundi vinne, viwili vya kumi na viwili vya tisa, kila kimoja na msimamizi mwenye orodha. Anahesabu watu kila mnapoondoka, kwa majina. Kuhesabu vichwa hudanganya, kuna mwanakijiji anayewasindikiza ataingia kwenye hesabu na mtu wenu atabaki chooni.

Wanaotembea taratibu wawe mbele, nafasi ya tatu na ya nne kwenye mstari. Wakiwekwa nyuma, kila kundi likinyooka wao hukimbia kulifikia, wanachoka mara mbili ya vijana. Kikundi cha kwanza na cha mwisho visiachane zaidi ya mita 300.

Sala ndiyo saa yenu. Rozari ya makumi matano husaliwa kwa dakika 20 hivi, nanyi mnakuwa mmekwenda zaidi kidogo ya kilomita moja. Rozari mbili, kisha dakika 20 za kimya, kisha maji. Mapambio yawe ya jioni kidogo tu: midundo inapandisha mwendo bila watu kujua, na anayeimba kwa sauti kamili hupumua vibaya kwenye mwinuko. Wanakwaya hawapendi kusikia hili.

Msalaba. Kila mwaka kuna mtu anataka wa mninga kwa sababu unapendeza. Tengenezeni wa mbao ya paini inchi 2 kwa 3, mti mrefu mita 1.8 na wa kukatiza senti 90, unatoka kama kilo 5. Pigeni msasa kingo zote mpaka ziwe mviringo. Unabadilishana mabega kila kumi moja la rozari. Bendera ifungwe kwenye mwanzi, na upepo wa mchana ukizidi ikunjwe, la sivyo inamburuta mbebaji kuelekea lami.

Katibu_wa_Jumuiya

Mungu awabariki. Nimempelekea mwenyekiti, ratiba ya siku 7 imekubaliwa. Maswali mawili yamebaki. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanauliza vipimo vya chakula. Na mazoezi tuanze lini?

Jiko_la_Parokia

Dada zangu WAWATA, kwa watu 38 wanaotembea:

Asubuhi uji, kilo 2 za unga wa ulezi kwa maji kama lita 16, unatoa kikombe kikubwa kwa kila mtu. Mchana msipike kizito. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha kilo 12, karanga za kukaanga kilo 2. Ugali mkubwa mchana na jua la saa tisa, watu hawaamki. Jioni ndiyo ugali, unga kilo 9, maharage makavu kilo 4 na nusu yaliyolowekwa tangu asubuhi ndani ya ndoo yenye mfuniko kwenye Canter, yakifika jioni yanaiva kwa saa moja badala ya tatu. Mlenda nao jioni. Njiani kila mtu awe na konzi ya zabibu kavu au karanga mfukoni. Zabibu ni za hapa hapa kwetu, msinunue biskuti. Ubuyu mzuri ukiwa na maji, bila maji unaongeza kiu.

Sufuria namba kubwa mbili, mafiga ya chuma, mkaa gunia moja na nusu. Msitegemee kuokota kuni, wenyeji wana mipaka yao. Ndoo ya kunawia yenye koki iwe ya kwanza kushushwa, kabla ya sufuria. Kuharisha kwa kambi huanzia mikononi mwa mpakuaji.

Hesabu_za_Njia

Mazoezi wiki 8. Wiki mbili za kwanza kilomita 6 mara tatu kwa wiki, kisha mwongeze kila wiki kwenye ile ndefu ya Jumamosi. Msalato ni kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji, kwenda na kurudi mna 24. Fanyeni hiyo Jumamosi moja wiki tatu kabla ya safari, na Jumapili yake baada ya Misa mtembee tena 15. Kutembea juu ya uchovu wa jana ndicho kipimo. Anayeshindwa Jumapili hiyo apewe kazi ya Canter, na aambiwe mapema, asisikie siku ya baraka mbele ya watu. Wiki ya mwisho pumzikeni, kilomita 5 mara mbili tu.

Dereva_T5

Na mkifika Kondoa msipandishe watu basi siku hiyo hiyo kurudi. Saa kadhaa za kukaa na miguu iliyotembea siku saba, inavimba viatu haviingii. Laleni usiku mmoja, miguu ikiwa juu ya begi. Basi la asubuhi lipo.